Kushuka Kitonga kwa Sauti ya Injini

Wasafiri wengi wanaoijua Kitonga wanaijua kwa kuipanda. Basi litokalo Dar es Salaam alfajiri huufikia mlima huo mchana, jua likiwa utosini, nalo huanza kukwea kwa mngurumo mzito huku abiria wa dirishani wakichungulia bonde na wale wa katikati wakinyamaza. Nyani huketi juu ya kingo za barabara wakingoja maganda ya ndizi. Baada ya muda hewa hubadilika, upepo wa baridi huingia madirishani, na mtu wa viti vya nyuma husema, "Sasa tumeingia Iringa." Kwa wasafiri hao Kitonga ni mlima wa kupanda, na wakati wa kurudi wengi wao huwa wamesinzia.

Kwa madereva wa malori mazito, Kitonga ni mlima wa kushuka. Lori likishindwa kupanda husimama. Foleni hujipanga nyuma yake, saa zikapotea, watoto wakalia kwa njaa ndani ya mabasi, lakini hatimaye watu hufika kwao. Lori likishindwa kushuka halisimami. Tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tuombe nafasi ndani ya lori moja lililokuwa likitoka Zambia kwenda bandarini, ili tuuone mlima huu kwa macho ya mtu anayeushuka mara mbili kila mwezi akiwa na mzigo mgongoni.

Barabara itokayo mjini Iringa kuelekea mashariki hupita kwanza katika nchi ya juu yenye upepo. Ukifika Ilula, kando zote mbili zimejaa matenga ya nyanya, mengine yamefunikwa kwa majani, mengine yako wazi yanang'aa kama taa. Baada ya Ilula ardhi bado humdanganya mgeni: vilima vya kawaida, mashamba ya mahindi, wanafunzi wakitembea kwa makundi na viatu mkononi. Kisha, bila mlango wala dibaji, nchi ya juu inakwisha. Mbele hakuna kilima kingine, kuna hewa tu. Chini kabisa hulala bonde la mto Lukosi, na mbali zaidi huonekana rangi ya kijivu ya nchi ya mibuyu, kuelekea Ruaha Mbuyuni. Barabara haina pa kupita ila kujisokota ubavuni mwa mlima kwa kilomita chache zisizofika 10, upande mmoja ukiwa mwamba uliochongwa, na upande wa pili bonde.

Njia hii haikuanza kwa ajili ya starehe. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia, nchi isiyo na bahari, ilijikuta njia yake ya kusini imo mikononi mwa watu isiowaamini. Mafuta yakaanza kupelekwa huko kwa malori kutoka Dar es Salaam, na shaba ikarudi kwa malori hayo hayo, juu ya barabara ya vumbi na matope ambayo madereva wa kigeni waliiita mbio za Jahanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini reli haikupita hapa. Ilizungukia bonde la Kilombero na kupandia Makambako, ikaiachia Kitonga magurudumu ya mpira. Leo, shaba ya Zambia na ya Kongo, mbao za Mufindi, viazi na nyanya, vyote hushuka kwa njia hii moja, vikipishana kwenye kona na mabasi yanayopanda.

Lori la shaba humdanganya mtazamaji. Vipande vya shaba hupangwa bapa juu ya sakafu ya tela, vikafungwa kwa minyororo, na juu yake hubaki nafasi tupu. Tani 30 za shaba hazijazi hata mita za ujazo 4. Muuza nyanya akiliona hudhani linarudi bure. Lakini sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori lenye ekseli 7 kufikia tani 56, gari na mzigo wake pamoja, na hilo tulilopanda sisi halikuwa mbali na kipimo hicho. Karatasi ya mizani ya Wenda ilikuwa imekunjwa vizuri nyuma ya kioo cha kukingia jua.

Dereva mwenyeji wetu ni mzee wa Tanga, mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa na kofia ya kufuma iliyofifia kwa jua. Pamoja naye alikuwa utingo wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye alikaa juu ya kitanda cha nyuma na miguu yake ikining'inia kati yetu. Lori lenyewe ni Freightliner la Kimarekani lililoingia nchini kupitia Afrika Kusini, usukani kulia, gia zake 18. Tuliswali Alfajiri pamoja katika maegesho ya malori nje ya mji wa Iringa, tukanywa chai, tukaondoka jua likianza kupasha.

Kabla ya kuufikia ukingo wa mlima mzee aliegesha. Hakushuka yeye. Kijana ndiye aliyeshuka, akazunguka lori zima na nyundo ndogo, akagonga kila tairi, akainama kutazama mabomba ya upepo yaendayo kwenye breki za tela. Mzee alikuwa akitazama geji ya upepo kwenye dashibodi, akisubiri sindano ipande hadi ikome. Kisha akachukua simu.

"Mama," alisema, akimwita mkewe kwa jina la heshima la nyumbani, "naingia mlimani."

Akaizima simu na kuitupa ndani ya droo. Alitueleza kwamba huo ndio utaratibu wao tangu simu za mkononi zilipoingia. Akipiga akiwa juu husema neno hilo moja, na akifika chini hupiga tena. Katikati mkewe hapigi, wala watoto hawapigi, hata iwe kuna msiba. "Msiba utanisubiri nusu saa," alisema. "Kama sikusubiriwa, itakuwa misiba miwili."

Halafu, lori likiwa bado limesimama, aliingiza gia ndogo na kubonyeza swichi iliyo karibu na usukani.

Hapo ndipo tulipomuuliza juu ya swichi ile, naye akacheka. Alisema kwamba watu wote humuuliza kuhusu breki za miguuni, na hakuna anayeuliza kuhusu breki ya injini, ilhali hiyo ndiyo inayomleta nyumbani. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko tuliyowahi kuyasoma, basi tunayaleta hapa pamoja na yale tunayoyajua wenyewe.

Kila kitu kizito kinachoshuka lazima kipoteze nguvu ya kushuka kwake mahali fulani. Lori la tani 56 likishuka mita 100 tu za wima huzaa nguvu ambayo, ikigeuzwa kuwa joto, yatosha kuchemsha maji zaidi ya lita 160 yaliyotoka bombani. Kitonga huishusha barabara mara kadhaa ya kipimo hicho. Dereva akitegemea kanyagio la breki peke yake, joto lote hilo huingia katika madramu ya magurudumu, ambayo ni vyuma vichache tu. Dramu likipata moto hutanuka na kuvikimbia vibao vya breki vinavyolibana kwa ndani. Vibao navyo vikipata moto hupoteza ukali wake, vikaanza kuteleza pale vinapopaswa kushika. Dereva hukanyaga zaidi, joto huzidi, na kila akikanyaga na kuachia tena na tena upepo katika mitungi hupungua. Harufu ya kitu kinachoungua huanza kuingia ndani. Watu wakisema "breki zilifeli" hufikiri kwamba kitu fulani kilikatika. Mara nyingi hakuna kilichokatika: breki zimepikwa.

Breki ya injini hulipeleka joto hilo kwingine. Mzee alitumia mfano wa pampu ya baiskeli. Ziba tundu la pampu kwa kidole, kisha sukuma mpini hadi chini. Utaona ugumu, na ukiuachia mpini utarudi juu wenyewe, kwa sababu hewa uliyoibana inakurudishia nguvu yako. Sasa sukuma tena, lakini mpini ukifika chini ondoa kidole. Hewa itatoka kwa kishindo, mpini utabaki chini, na nguvu yako imekwenda zake, hairudi. Umefanya kazi bure, na kazi ya bure ndiyo inayotakiwa mlimani.

Injini ya dizeli ni pampu za namna hiyo 6, zikipokezana. Pistoni hupanda na kuibana hewa sana, na kwa kawaida dizeli hunyunyiziwa hapo, ikawaka, ikaisukuma pistoni chini. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, dizeli hukatwa, lakini hewa iliyobanwa bado huisukuma pistoni kama ule mpini uliorudi juu, kwa hiyo injini hulizuia lori kidogo tu. Swichi ikiwashwa, vali za moshi hufunguliwa kwa nukta moja pale hewa inapofikia kilele cha kubanwa. Hewa huruka nje kupitia bomba la moshi. Magurudumu yanalazimika kuisukuma injini, na injini hairudishi chochote. Mashine iliyotengenezwa ili ivute sasa inameza. Joto hutoka na hewa ya bomba la moshi na kupitia rejeta, mahali palipotengenezwa kuhimili joto siku nzima, na madramu ya magurudumu hubaki ya baridi yakisubiri dharura.

Kila vali inapofunguka hutoa mlipuko mdogo, na milipuko hiyo ikifuatana ndiyo sauti ile ya kukatakata, kama mtu apasuaye kuni kavu kwa haraka sana, ambayo wakazi wa vijiji vya Mahenge huisikia usiku. Katika miji mingi midogo ya Marekani huwekwa mabango ya kuwakataza madereva kuitumia breki hiyo kwa sababu ya makelele, hasa ya malori ambayo viziba sauti vyake vimekufa. Kwa upande wetu tungependa watoto wa bondeni waizoee. Lori linaloshuka Kitonga kimya linatisha zaidi.

Aliyeibuni alijifunza haja yake njiani. Clessie Cummins, fundi wa Indiana ambaye jina lake limo kwenye injini nyingi za malori yapitayo hapa, alikuwa mwaka 1931 akivuka Marekani kutoka New York hadi Los Angeles kwa lori la dizeli, akitaka kuuonyesha ulimwengu uwezo wa injini yake. Waliposhuka njia ya milima iitwayo Cajon Pass, huko California, breki ziliishiwa nguvu, na chini mbele yao treni ya mizigo ilikuwa ikikatiza barabara. Walipita nyuma ya behewa la mwisho kwa nafasi ndogo mno. Cummins hakuusahau mteremko ule. Alipokwisha kustaafu alirudi kwenye meza ya kuchora, na mwaka 1961 kampuni ya Jacobs, iliyokuwa ikijulikana kwa vifaa vya kushikia keekee, ikaanza kuiuza breki yake. Ilipita miaka 30 kati ya hofu ya siku moja na kifaa cha kuiondoa.

Tulianza kushuka. Mzee hakuwa na mguu kwenye mafuta wala kwenye breki. Vyote viwili vilikuwa vimetulia sakafuni, na lori lilijishusha lenyewe kwa mwendo wa mtu apandaye baiskeli, sindano ya mizunguko ya injini ikiwa juu na sauti ile ya kuni ikijaza chumba. Swichi yake ina hatua tatu: silinda 2, silinda 4, na zote 6. Alikuwa kwenye zote. Kwenye kona kali, mwendo ulipotaka kuongezeka, alikanyaga breki mara moja kwa uthabiti mpaka sindano ikashuka chini ya mwendo alioutaka, akaachia kabisa, akangoja. Hakuigusaguusa. Alisema kwamba mguu unaolala juu ya breki kwa kuogopa ndio unaochoma madramu.

"Kwa nini gia uliichagua kule juu?" tulimuuliza.

"Kwa sababu huku chini haiingii," alijibu. "Lori likishashika kasi, ukitoa gia ili utafute nyingine ndogo, huenda usiipate, na ile uliyoitoa haikubali kurudi. Hapo huna gia, na usipokuwa na gia huna injini, na breki ya injini imekufa papo hapo. Mlima huu unaamuliwa juu, ndugu zangu. Huku chini tunasoma matokeo."

Lori moja lilitupita, jambo ambalo hatukulitarajia. Lilikuwa tela la mbao, likashuka kando yetu katika kipande kilichonyooka bila sauti yoyote ila upepo na mlio wa matairi, kisha likaingia kona ya mbele taa zake za breki zikiwaka mfululizo. Kijana juu ya kitanda alisema kwa sauti ndogo, "Huyo yuko frii."

Kwenda frii ni kutoa gia kabisa na kuliachia lori liteleze. Ni desturi iliyojulikana katika miteremko mingi ya Afrika Mashariki. Huko Kenya, kipande cha Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kilipata jina baya kwa ajili yake. Watu wengi hudhani madereva hufanya hivyo kwa uvivu au ushujaa wa kijinga. Hesabu yake ni ya fedha. Mwenye lori humpa dereva lita maalumu za safari, na mafuta yakibaki kuna wanunuzi wa madumu njiani. Kwa dereva ambaye posho yake imekwisha kabla ya nusu ya safari, lita 20 zilizobaki ni unga wa nyumbani. Wapo pia wenye malori wanaopunguza lita makusudi, wakijua wazi kwamba safari haitimii bila frii, kisha wakijifanya hawajui. Tunaona lawama haigawanywi sawasawa pale inapomwangukia dereva peke yake.

Ubaya ni kwamba, mahali kama Kitonga, hesabu hiyo si ya kweli hata kwa mizani ya fedha. Lori likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na dizeli hukatwa kabisa. Lori likiwa frii, injini imetengwa na magurudumu, na ili isizimike lazima ijilishe. Anayeteleza frii anachoma mafuta. Anayeshuka kwa gia na breki ya injini hachomi tone. Katika kijiteremko kirefu kilichonyooka, ambapo lori huachwa libingirike mbali hadi uwanda unaofuata, frii huweza kubakiza kiasi. Lakini pale ambapo kazi yote ni kuzuia mwendo, hakuna cha kubakiza. Kinachotumika ni vibao vya breki, ambavyo navyo hununuliwa. Wengine huzima injini kabisa ili hata hilo tone lisichomeke, na hao hupoteza wepesi wa usukani pamoja na pampu inayojaza upepo wa breki.

Mzee alilitazama lile lori la mbao mpaka likapotea. "Amana," alisema tu, na hakuendelea.

Breki ya injini nayo ina mipaka yake, na hapa kijana ndiye aliyetueleza, kwa fahari ya mwanafunzi anayejua jibu. Nguvu yake hupita kwenye magurudumu ya kichwa tu, yale yanayosukuma, wala haifiki kwenye tela. Barabara ikiwa na utelezi wa mvua na tela likiwa tupu, magurudumu hayo yanaweza kuteleza, tela likaendelea kuja na kulikunja lori katikati. Siku ya mvua mzee huishusha swichi hadi silinda 2, au huizima kabisa na kushuka polepole zaidi kwa gia ndogo zaidi. Tena, breki hiyo haishiki injini ikizunguka polepole, na dereva akikanyaga klachi inaachia mara moja. Haikuumbwa isimamishe lori. Kazi yake ni kuzuia mwendo usizaliwe.

Tulimsifu kijana kwa maelezo yake. Mzee akasema, "Mwezi ujao anapewa lori lake." Hakulisema kwa furaha tuliyoitarajia.

Habari yenyewe ilitoka kidogo kidogo, kona baada ya kona. Kijana amekwisha kupata leseni ya magari makubwa. Tajiri mmoja, ambaye hatutamtaja, amemwahidi tela la kwenda Tunduma na kurudi. Mshahara ni mara mbili ya anaoupata sasa. Ana mke na mtoto wa miezi 5, chumba cha kupanga Mbagala, na deni la mahari ambalo bado halijakwisha. Alikwenda kuliona lori hilo. Matairi mazuri, injini inawaka vizuri. Lakini swichi ya breki ya injini ukiibonyeza hakuna kitu, na fundi wa gereji akamwambia kwamba nyaya zake zilikatwa zamani na hakuna aliyejisumbua kuziunga, kwa kuwa lori linatembea bila hiyo.

"Nilimwambia asichukue ufunguo mpaka itengenezwe," mzee alisema.

"Mzee, nikikataa atampa mwingine kesho yake," kijana alijibu. "Vijana wako wengi stendi. Mimi nilifikiri nianze nalo, nikishazoeana na tajiri nimwombe taratibu."

"Utashuka mara ngapi kabla ya kuzoeana?"

Kijana hakujibu. Kwa muda tulisikia injini peke yake. Sisi hatukuwa na la kusema pia, maana ni rahisi kwa mtu mwenye kalamu kumshauri mwenye mtoto wa miezi 5 akatae mshahara. Tuliuliza tu kama kazi hiyo ya kuunga nyaya ni ghali. Mzee alicheka bila furaha. Kama ni nyaya tu, alisema, ni kazi ya mchana mmoja, na bei yake haifiki ya tairi moja jipya la mbele.

"Basi si fedha," tulisema.

"Si fedha. Ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kushuka hapa akiwa amekaa kiti hiki. Akikaa mara moja, ataziunga kwa meno yake."

Mlima ulianza kulegea. Kona zikafunguka, mwamba ukarudi nyuma, na joto la bondeni likaingia dirishani kama pumzi ya tanuri. Mibuyu ya kwanza ilisimama kando, mikubwa, haina majani, na chini yake mbuzi. Lile lori la mbao tulilikuta limeegeshwa pembeni, zima, linafuka moshi mwembamba kwenye magurudumu ya tela. Dereva wake alikuwa amechuchumaa kivulini na chupa ya maji. Mzee alipiga honi fupi ya salamu, yule akainua mkono. Alhamdulillahi, alikuwa amefika.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni, kwenye maduka ya vitunguu, ambako vitunguu vyekundu vimepangwa kwa mafungu na madebe pande zote za barabara. Kijana aliruka chini kabla lori halijatulia vizuri, akazunguka tena, safari hii bila nyundo. Alikuwa akisogeza kiganja chake karibu na kila dramu, bila kuligusa, kama mtu apimaye joto la paji la uso wa mtoto. Kisha, kwenye gurudumu la mwisho la tela, akalishika kabisa na kuuacha mkono hapo. Alituita tulishike nasi. Lilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

Mzee alikuwa amekwisha kuiwasha simu. "Mama, niko Ruaha," tulimsikia akisema, na baada ya hapo mazungumzo yakageukia ada ya shule na paa linalovuja.

Kijana alikwenda upande wa pili wa lori na simu yake mwenyewe. Hatukukusudia kusikiliza, lakini alizungumza kwa sauti ya juu kama wafanyavyo watu walio karibu na barabara. Alimsalimia mtu kwa "Shikamoo, bosi," akasema kwamba lori amelipenda, kazi anaitaka, na kwamba ana ombi moja tu kabla ya kulichukua. Alilieleza ombi lake. Alinyamaza akasikiliza, mguu wake ukichora mstari mavumbini. "Sawa, bosi," alisema. "Basi litakapotengenezwa, naomba unipigie. Ndiyo. Hapana, nitasubiri." Akabaki ameishika simu sikioni kwa muda baada ya upande wa pili kukata.

Alirudi akatukuta tukibishana bei ya vitunguu. Mzee hakumuuliza kitu. Alimnyooshea fungu kubwa zaidi na kumwambia alifunge vizuri nyuma ya kiti, kwa kuwa mke wake wa Mbagala asije akasema kwamba watu hupita Ruaha na kurudi mikono mitupu. Kisha tukapanda, ili tuwahi kuvuka Mikumi kabla ya Alasiri.